Choo cha Kuazima

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye asubuhi ya leo yuko kwenye benchi la maabara, ameficha kopo ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ameitia kwenye mfuko wa rambo, na mfuko ameukunja chini ya koti. Nakujua. Unaomba wasiite jina lako kwa sauti. Ningependa kukaa kando yako nikueleze yaliyonipata, lakini kwa kuwa sijui uko benchi lipi, nimeona niyaandike.

Mimi ni mpishi wa kambi. Nilimaliza kidato cha nne, sikuchaguliwa kwenda popote, na mwaka uleule nikaondoka nyumbani Maji ya Chai na begi moja. Mama husema nilizaliwa njiani, na ni kweli: uchungu ulimshika akirudi kutoka soko la Tengeru, ndizi kichwani. Tangu hapo sijui kukaa mahali. Miaka hiyo watalii walikuwa wanaanza kumiminika Arusha. Serikali ilikuwa imelegeza kamba, kila mwenye Landrova mbili alifungua kampuni, na kila kampuni ilihitaji mtu wa kupika porini. Nilianza kwa kuosha sufuria, nikaishia kuwa mpishi mkuu. Nimepika Natron kwenye joto linalokausha ulimi. Nimepika ukingoni mwa Ngorongoro, mafuta yakiganda ndani ya chupa. Mkate wangu niliuoka ndani ya sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko, na wageni waliupiga picha kabla hawajaupiga mlima. Hadi leo nikisikia harufu ya makaa asubuhi, miguu inataka kuondoka.

Kuna jambo watu wa nje ya kazi hii hawalijui. Kila baada ya miezi sita mpishi hupimwa choo. Bila cheti cha afya hakuna kampuni itakayokuruhusu uguse mwiko. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka tunajipanga kwenye korido ya maabara, watu wazima wenye familia, kila mmoja na kopo lake. Nilipoanza kazi tulileta kwenye viberiti. Korido ile ni ya kimya. Wanaume wanaofoka jikoni siku nzima, hapo huangalia viatu. Na likitokea kopo ambalo karatasi ya jina imebanduka, mhudumu akalinyanyua na kuuliza la nani, hajitokezi mtu. Mwenyewe huona afadhali arudi kesho na jingine kuliko kusimama mbele ya wenzake.

Nilikuwa na miaka tisa ya vyeti safi. Nilivitunza ndani ya Biblia ya marehemu baba, na mpishi mwenzangu akiugua amiba nilikuwa mtu wa kutikisa kichwa na kusema, huyo haoshi mikono.

Damu ilianza masika, kambi zikiwa zimefungwa. Kwanza nyuzi tu, kama uzi mwekundu kwenye karatasi. Baadaye nikawa naenda chooni mara sita, mara nane, tumbo likisokotwa kama nguo inayokamuliwa, na kinachotoka ni damu na kamasi. Sikumwambia mke wangu, Mama Aika. Nilijua kinachofuata: mwezi wa sita ni kupimwa, na mpishi mwenye damu kwenye choo hapati cheti. Miaka tisa ingefutwa na kopo moja.

Nikaenda kwa Loishiye. Huyu ni dereva tuliyefanya kazi pamoja tangu mwanzo, Mwarusha wa Kisongo, mtu mrefu mwenye mzaha usioisha. Nilimkuta uani kwake akiosha magurudumu.

"Ero, rafiki, unataka nini asubuhi hii?"

"Choo."

"Kiko nyuma ya nyumba, bendera yake ni gunia."

"Nataka chako, Loishiye. Kidogo tu. Cha kwenye kopo."

Alinitazama mpaka maji yakajaa kwenye ndoo yakamwagika. "Wachaga," akasema. "Mmeuza kila kitu, sasa mmefika hapa."

Lakini alinipa. Madereva hawapimwi choo, kwa hiyo hakuwa na cha kupoteza. Nilikipeleka nikiwa nimevaa shati jeupe. Baada ya siku mbili mhudumu wa maabara aliniita dirishani. "Mpishi, una safura. Meza hizi, urudi baada ya wiki mbili."

Nikampelekea Loishiye dawa yake. Alicheka hadi akakaa chini. "Kumbe umenipima bure! Ungeniambia mapema nikuletee na cha mke wangu." Alimeza, akapona kitu ambacho hakujua anacho, na mara ya pili kopo lake lilikuwa safi. Nikapewa cheti. Kilikuwa na jina langu na tumbo la Loishiye.

Nakusimulia hili ingawa linaniaibisha, kwa sababu liligharimu mwaka mzima. Maabara ile ingeona damu yangu siku ile. Badala yake nilikwenda porini na cheti cha kuazima, nikapika msimu mzima nikiwa navuja. Nilijifunza kupika karibu na hema la choo. Niliacha kula ili nisiende. Mwezi wa nane, Natron, nilianguka mbele ya moto na mkono ukaingia kwenye makaa. Kovu ninalo. Loishiye alinilaza kiti cha nyuma akaendesha hadi mjini bila mzaha hata mmoja, na hapo ndipo nilipojua kwamba naumwa.

Kampuni iliweka mpishi mwingine. Nikabaki Kaloleni, kwenye vyumba vyetu viwili vya kupanga, kliniki hadi kliniki. Zilikuwa zimefunguliwa nyingi wakati ule, kila mtaa na msalaba wake mwekundu ukutani, na kila moja ilisema amiba. Nilimeza dawa ya amiba hadi mate yakawa na ladha ya sarafu. Kilo zilipukutika. Suruali nilifunga kwa kamba ya hema.

Mtu akikonda hivyo miaka ile, mtaa ulikuwa na jibu moja. "Amekanyaga waya," yaani ana ukimwi. Walisema nikipita, wakidhani masikio nayo yamekonda. Mama Aika alisikia gengeni. Alikwenda kupimwa peke yake, akarudi, akaweka karatasi yake mezani kando ya sahani yangu.

"Yangu hii," akasema. "Yako iko wapi?"

Nilikuwa nayo, niliipata mwezi mmoja nyuma, nimeificha mlemle ndani ya Biblia. Nikaitoa. Zote mbili safi. Akazitazama, kisha akalia, na hakulia kwa furaha. "Ulijua," akasema. "Mwezi mzima ulijua, ukaniacha nitembee na hofu hii kichwani." Mke wangu ni Mmeru wa Tengeru, hasemi mengi, na hayo yalikuwa mengi. Tulikaa wiki tatu tukiongea kupitia mtoto.

Choo cha nyumba ile kilikuwa kimoja, familia saba. Ukiumwa ugonjwa huu utaelewa sentensi hiyo bila maelezo. Asubuhi kuna foleni, na tumbo langu halikujua foleni. Siku moja sikuwahi. Nilisimama uani mbele ya watu na ndoo zao, na mimi baba mzima. Mama mwenye nyumba, mjane wa makamo, aliwatawanya watu kwa kuwapigia kelele kuhusu kodi ya mwezi ule, ingawa tarehe ilikuwa bado. Mchana akanigongea mlango, akanipa ufunguo wenye uzi wa bluu. Ulikuwa wa choo chake mwenyewe, cha ndani ya nyumba yake. "Usinishukuru," akasema, "usafishe tu." Nilikisafisha kila siku kama nasafisha jiko la wageni. Watu wanauliza nilipona kwa kitu gani. Dawa, ndiyo. Lakini weka na ule ufunguo.

Masika ya pili ndipo nilipompata daktari aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. Alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, na kliniki yake ilikuwa ya vyumba vitatu juu ya duka la vipuri. Alisoma karatasi zangu zote za amiba, akaziweka chini. "Baba Aika, hivi hawa amiba, kuna mtu amewahi kuwaona, au wote walisikia habari zao tu?"

Akanituma Moshi nikapitishwe kamera. Sitakueleza kuhusu kamera, ni siku moja na inaisha. Aliporudishiwa majibu alinieleza kwa maneno machache: utumbo mpana una vidonda, umevimba, mwili unajichoma wenyewe. Si amiba. Si uchafu. Hakuna aliyeniambukiza na sitamwambukiza mtu.

"Si uchafu?" nikauliza.

"Si uchafu."

Nililia mbele yake. Yeye alidhani nalia ugonjwa.

Halafu akaniambia la pili. Angenipa dawa hadi mwisho wa mwaka. Uvimbe ukishuka, ningeishi na vidonge na ningerudi kazini. Uvimbe ukigoma, ningepelekwa kwa mpasuaji, autoe utumbo mpana wote, na choo changu kingetokea tumboni kwenye mfuko. "Tutajuaje kama umeshuka?" nikauliza. "Choo kitatuambia," akasema. "Kila mara utaniletea. Chako, tafadhali." Hakuwa anajua kuhusu Loishiye. Nilihisi masikio yakipata moto.

Siku hizi namfahamu mama mmoja pale Tengeru mwenye mfuko huo. Anauza mbogamboga, anacheka, anabeba tenga zito kuliko langu. Ningemjua wakati ule nisingeogopa vile. Lakini sikumjua, na niliogopa. Nilijiona nimeinama juu ya unga, nakanda, na wageni wanaangalia tumbo langu.

Vidonge vilikuwa vya aina mbili. Vikubwa vya rangi ya chungwa viligeuza hata mkojo rangi. Vidogo vyeupe vilinirudishia nguvu ndani ya wiki mbili, na damu ikapungua, lakini vilinipa uso usio wangu. Kufikia baridi ya mwezi wa saba mashavu yalikuwa yamejaa kama maandazi. Mtaa uleule ulioniona nimekanyaga waya sasa ulinisimamisha barabarani. "Baba Aika, umenawiri! Watalii wamelipa?" Aika, aliyekuwa na miaka sita, alinishika mashavu kwa mikono miwili akauliza baba wa zamani atarudi lini. Nilimwambia yuko safarini.

Dokta alivipunguza vile vyeupe taratibu. Mwezi wa kumi nilienda chooni mara tatu kwa siku. Vuli ilipoanza, mara mbili. Mwezi wa kumi na mbili mara moja, kitu kizima, na nilikitazama kama mtu anavyotazama mkate wake wa kwanza kutoka vizuri. Mama Aika alinisikia nikimwita. Alikuja mbio akidhani nimeanguka. Akatazama, akanitazama, akasema, "Sasa ndiyo umeniitia hiki?" Lakini alikuwa anatabasamu, na lilikuwa tabasamu la kwanza tangu zile karatasi mbili.

Kipimo cha mwisho wa mwaka kilipangwa baada ya Krismasi. Kilikuwa cha damu iliyojificha, ile isiyoonekana kwa macho. Dokta alinipa maagizo: siku tatu kabla, hakuna nyama nyekundu. Nyama ina damu, na kipimo hakijui damu ya mbuzi na damu ya mtu. Nikasema nimeelewa.

Krismasi tulikwenda kwa mama, Maji ya Chai, kwenye kiwanja alichoacha baba. Kwetu Wachaga Krismasi bila mbuzi ni Jumapili tu. Baba mdogo, mdogo wake baba, ndiye aliyechinja, na kila kiungo kina mwenyewe. Ukipewa kipande chako hukikatai, maana unakataa nafasi yako katika ukoo. Akanipa changu. Nikakataa.

"Mbe, wewe kijana, umekuwa Mhindi?" akasema.

"Ni kipimo, baba. Dokta amekataza nyama."

"Dokta alikuwepo ulipozaliwa?"

Nilisimama imara. Nilijivunia hata, nikasema mbele ya ukoo mzima kwamba siku tatu hizi nyama haitapita mdomoni mwangu. Baba mdogo alikunja uso. Ndipo mama akaja na kata mikononi, imejaa kisusio: damu ya mbuzi iliyochemshwa na utumbo uliokatwakatwa, mafuta, na majani machungu, supu ile wanayopewa wazazi waliojifungua na watu waliotoka vitani. "Mwacheni," akasema. "Amepoteza damu mwaka na nusu. Damu hurudishwa kwa damu. Kunywa, mwanangu."

Nikanywa. Nikarudia mara ya pili. Baba mdogo akafurahi, ukoo ukafurahi. Sikuona kosa. Nyama sikugusa. Kisusio si nyama. Kisusio ni supu, kila Mchaga anajua. Mke wangu alikuwa nyuma ya nyumba anaosha vyombo na hakuona.

Keshokutwa yake nilipeleka kopo nikiwa nimepiga kifua.

Dokta hakuniita dirishani. Alinifungulia mlango wa chumba chake, akaufunga, na nilijua.

"Damu imejaa," akasema. "Nyingi kuliko mwezi wa tano."

"Lakini nakwenda mara moja kwa siku. Sina maumivu."

"Ndiyo maana tunapima, Baba Aika. Tumbo linaweza kukudanganya." Akaandika barua ya mpasuaji. Aliiandika taratibu, na alipomaliza alibaki ameshika kalamu. Alikuwa ameumia naye.

Nilitembea kutoka pale hadi Kaloleni na barua mfukoni. Meru ulikuwa wazi siku hiyo, bila wingu, na sikutaka kuutazama. Nilifikiria Natron. Nilifikiria makaa juu ya mfuniko. Nyumbani nilimpa Mama Aika barua, akaisoma akiwa amesimama. "Tutakwenda," akasema. "Nitakuosha mimi. Usiniangalie hivyo, nimeshakuona vibaya zaidi." Kisha akaingia jikoni na sikusikia sufuria hata moja kwa muda mrefu.

Siku ya tatu mama alikuja kutoka Maji ya Chai, amebeba chupa ya chai iliyofungwa kwa kanga. Hakujua habari za barua. Alikaa, akamsalimia mke wa mwanawe, akaiweka chupa mezani kwa fahari.

"Shikamoo mama," mke wangu akasema. "Umetuletea maziwa?"

"Marahaba. Maziwa ya nini? Nimemletea dawa yake. Shemeji yangu amechinja tena ya mwaka mpya, nikasema ile iliyompa nguvu Krismasi, asikose."

Mke wangu alifungua kifuniko. Alinusa. Akamimina kidogo kwenye kikombe cheupe cha Aika, akakisogeza mwangani. Kilikuwa cheusi chenye wekundu pembeni.

"Baba Aika," akasema polepole. "Hii ulikunywa lini?"

"Krismasi. Lakini nyama sikula, mama ni shahidi."

"Vikombe vingapi?"

"Kata mbili," mama akajibu kwa ajili yangu, bado ana fahari. "Alimaliza zote."

Mke wangu aliketi. Aliweka mikono yote usoni, na mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia tena. Alikuwa anacheka, machozi yakipita katikati ya vidole. "Wachaga nyie," akasema. "Dokta amekataza nini jamani? Damu! Mtu kakatazwa damu, kaenda kunywa damu tupu, halafu anashangaa wameona damu!"

Mama alipoelezwa barua ilikuwa ya nini, alisimama, akaichukua ile chupa, akaenda kuimwaga kwenye mtaro wa uani. Alirudi na chupa tupu. "Nilitaka kukusaidia," akasema. Nikamwambia amenisaidia, maana asingeleta chupa hiyo ningekuwa tayari njiani kwenda kukatwa. Hilo ni kweli, na namwambia hadi leo kila anapolikumbuka.

Kesho yake asubuhi nilikuwa wa kwanza kwa Dokta. Njiani nilijaribu kutafuta namna ya kusema nisionekane mjinga, na sikuipata. Na kulikuwa na jambo jingine: kwa nini aniamini? Kwa hiyo nilianza na la mwanzo. Nilimwambia kuhusu Loishiye, kopo, safura, cheti, mwaka uliopotea. Halafu ndipo nikamwambia kisusio.

Alisikiliza yote. "Kata mbili?"

"Mbili."

"Kata ya kwenu ni kubwa kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa mikono. Akainamisha kichwa mezani, na huyu mtu ambaye sikuwahi kumwona akicheka alicheka mpaka muuguzi akachungulia. Kisha akafuta macho. "Nimekosea na mimi. Nilisema nyama. Kuanzia leo nitauliza kabila."

Akaniambia kipo kipimo kipya, hakiangalii damu kabisa. Kinaangalia uvimbe wenyewe, alama ambayo utumbo uliovimba huiacha kwenye choo. Mbuzi hawezi kukiharibu. Tatizo, Arusha hakikuwepo. Kilifanyika Nairobi, na kopo linatakiwa lifike likiwa baridi. Angeweza kutafuta mtu wa kulipeleka.

"Hapana," nikasema. "Hili nalibeba mwenyewe."

Nilitoa boksi langu la barafu, lile nililobebea nyama za wageni miaka kumi, nikalisugua, nikaweka barafu, nikaweka kopo katikati kama yai. Nikapanda basi dogo la Nairobi, boksi mapajani. Namanga, upande wa pili, ofisa wa forodha alituteremsha wote.

"Boksi lina nini?"

Nyuma yangu kulikuwa na watu kumi na wawili, wafanyabiashara na wazungu wawili. Miaka miwili iliyopita ningesema ni samaki.

"Choo."

"Nini?"

"Choo changu, mkubwa. Nakipeleka hospitali kupimwa. Barua hii hapa."

Alirudi nyuma hatua moja. Akasoma barua, akatazama boksi, akanitazama mashavu. Nyuma yangu mama mmoja alishindwa kujizuia. Ofisa naye midomo ikaanza kumcheza. "Ni bidhaa ya biashara au ya matumizi binafsi?"

"Matumizi nimeshamaliza nayo, mkubwa."

Foleni nzima ilipasuka. Akapiga mhuri huku akifuta macho, akasema nipone. Tulipokuwa tunakaribia Nairobi, mama yule aliyecheka, aliyekaa nyuma yangu, alinigusa bega akaniuliza kwa sauti ndogo ugonjwa wenyewe unaanzaje, maana ana mdogo wake. Nilimweleza hadi tunashuka. Na niliposhuka ndipo nilipogundua kwamba tangu Arusha sikuwa nimeomba gari lisimame hata mara moja.

Majibu yalikuja baada ya siku tisa. Sikuambiwa nikae. Dokta aliishika karatasi juu, akaweka kidole kwenye mstari wa watu wenye afya, akakishusha hadi kwenye namba yangu, chini ya mstari. "Utumbo wako umelala," akasema. Barua ya mpasuaji aliichana mbele yangu, akanipa vipande. Nilivitia ndani ya Biblia, pamoja na vyeti.

Sitakudanganya kwamba ugonjwa umeondoka. Umelala, na vidonge vya rangi ya chungwa ndivyo vinavyoubembeleza. Mara mbili umefumbua jicho, na mara zote mbili kopo lilitangulia kuniambia kabla tumbo halijasema. Kwa hiyo usiache dawa siku unapojisikia vizuri. Mweleze daktari kila kilichopita mdomoni mwako, pamoja na kile ambacho kwenu hakihesabiwi kuwa chakula. Na choo usiazime.

Masika yalipoisha kampuni iliniita. Mpishi wao alikuwa amehamia hotelini, na wageni wa zamani walikuwa wanauliza mkate. Ila kwanza, cheti. Dokta aliandika barua kueleza hali yangu, nikaiambatanisha na karatasi ya Nairobi, na asubuhi moja ya baridi ya mwezi wa sita nikarudi kwenye korido ileile. Wapishi walikuwa wamejaa, wengine nawafahamu, wote na bahasha zao, wote wakiangalia viatu. Nilipeleka kopo langu kwenye trei nikarudi kukaa. Lilikuwa bado na umande wa barafu ya boksi langu.

Baada ya muda mhudumu alitoka. Ni yuleyule wa safura, sasa ana mvi. Alikuwa ameinua kopo moja, limelowa, karatasi ya jina imeanguka.

"Hili la nani?"

Alisubiri, akaanza kuligeukia pipa la taka.

Nikasimama. Nilisimama wima, kama ninavyosimama wageni wakiuliza nani kaoka.

"Langu," nikasema. "Langu mwenyewe."